Usimwambie Sista

Mama Pasi alijua kuna jambo siku aliyorudi kazini mapema akamkuta mumewe nyuma ya nyumba, amechuchumaa juu ya beseni, anafua suruali yake mwenyewe.

Tangu waoane, mwanamume yule hakuwahi kulowesha hata leso. Si kwa uvivu. Alikuwa mchomeleaji wa mageti na madirisha, mtu wa kushinda juani na chuma mkononi, na watu walimwita Cheche kwa kuwa hata shati lake la kutokea lilikuwa na vitundu vya moto. Lakini kufua hakukuwa fani yake, hasa akiwa na mke aliyekula kwa kazi hiyohiyo. Mama Pasi alifua na kunyoosha mashuka ya hoteli. Jina alipachikwa na wenzake huko kwenye mvuke, likamganda mpaka mtaani.

"Leo kuna nini?" aliuliza huku anacheka. "Au nimekosea nyumba?"

Cheche hakucheka. "Imemwagikiwa mafuta ya mashine."

"Mashine gani? Si uliniambia karakana huendi leo?"

"Nimesema mafuta."

Akayamwaga maji haraka kwenye mfereji, lakini hayakumpita mkewe machoni. Mama Pasi alikuwa ameshika mashuka ya watu asiowajua kwa miaka mingi. Mafuta aliyajua, mvinyo aliujua, na hili pia alilijua. Aliingia ndani akaketi kitandani na viatu miguuni.

*

Mama mkwe alikuwa jikoni, anakoroga uji mwepesi kwenye sufuria ndogo. Alihamia kwao mwanawe alipougua, akaja na mkeka wake na sauti yake, na tangu hapo jiko lilikuwa na wakubwa wawili.

"Huo uji wa nani, mama?"

"Wa mwanangu. Tumbo limemkataa kidogo."

"Limemkataa tangu lini?"

Bibi akakoroga kwa nguvu. "Wee mama, tumbo la mtu mzima nalo linataka ripoti?"

Mama Pasi akazima jiko. Hakuwahi kufanya hivyo mbele ya mkwewe, na wote wawili waliutazama ule mkono kama umefanya jambo kwa akili zake wenyewe.

"Anatoa damu, mama. Nimeona maji."

Bibi alikaa juu ya kigoda. Ghafla alionekana mdogo, kama nguo iliyoponyoka kwenye mwili. "Tangu baada ya dripu ya mwisho," alisema kwa sauti ya chini. "Mwanzo ilikuwa kuharisha tu. Sasa anakwenda chooni mpaka hesabu inanipotea. Ukienda kazini tunafua. Mimi nafua, leo miguu imenikataa, ndiyo akafua mwenyewe."

"Na mimi mmenificha?"

"Angekwambia vipi? Wewe si ndiye unayekwenda naye hospitali kwa Sista? Wewe uso wako ni dirisha, haliwekwi pazia." Akamshika mkono, na vidole vyake vilikuwa vya baridi. "Usimwambie Sista. Nakuomba kama mama yako mzazi. Wakijua watamkatia dawa. Na dawa ikikatwa, unajua mwenyewe."

Mama Pasi alijua.

*

Ugonjwa ulianza na doa jeusi chini ya kisigino, ambalo Cheche alisema ni cheche iliyopenya kiatu. Doa likapanuka, likachimbika, likatoa maji. Hospitali wakalikata na nyama yake, wakampa na jina la saratani ambalo hakuna aliyeweza kulitamka vizuri nyumbani. Baadaye kinena kikafura uvimbe kama yai, na picha ikaonyesha vinundu vyeupe mapafuni. Ndipo hospitali kubwa ikamwingiza kwenye utafiti wa dawa mpya, iliyokuwa ikiingizwa mwilini kwa dripu.

Daktari, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kubembeleza, aliwaketisha wote watatu siku ya kwanza.

"Chembe za mwili zinaongea," aliwaambia. "Hazina midomo, zinapeana ishara. Chembe moja inaigusa nyingine, na ule ujumbe unapokezwa mpaka ndani: kua, acha kukua, shambulia, acha kushambulia. Kwenye kisigino chako ishara ya 'kua' iliharibika. Ikawa kama kengele ya mlango iliyonasa. Inalia tu, na hakuna aliyebonyeza."

"Na askari wa mwili?" Cheche aliuliza. Hilo alilisikia redioni.

"Swali zuri. Askari walikuja. Lakini uvimbe ni mjanja. Umejifunza ile ishara ambayo chembe nzima huwapa askari, 'tuacheni, sisi wenyeji.' Wakifika wanaambiwa hivyo, wanapita. Dawa hii inawaziba askari masikio wasiusikie uongo huo."

Mama mkwe alipiga makofi. "Basi tatizo limekwisha!"

"Ngoja, mama. Ishara hiyohiyo ndiyo inayowazuia wasiushambulie utumbo wake, ngozi yake, ini lake. Tukiwaziba masikio hawatausikia uongo, lakini wanaweza wasiusikie na ukweli. Kwa hiyo kuharisha, vipele, kikohozi, lolote, mtuambie siku hiyohiyo."

"Na tukiwaambia?" Cheche aliuliza.

"Tutaisimamisha dawa kwanza, tukutibu."

Katika maneno yote yale, lililomkaa Cheche kichwani lilikuwa hilo moja, kusimamisha. Maana dawa ilifanya kazi. Yai la kinenani likawa punje ya harage, mama yake akaligusa kwa kidole akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza kuna harusi ya nani. Na kwenye foleni ya dripu kulikuwa na mama mmoja wa kilemba cha buluu, mcheshi, aliyekuwa akigawa pipi. Siku moja alitokwa na vipele, akasimamishiwa dawa. Haukupita muda wakasikia amezikwa. Kilichomuua hasa hawakukijua. Cheche hakutaka kukijua. Yeye alikwisha hukumu.

*

Asubuhi ya kliniki walitoka bila kifungua kinywa. Cheche hakula ili njiani asiaibike. Alivaa suruali nyeusi, na ndani yake, Mama Pasi aligundua, alikuwa amejifunga taulo.

"Tukirudi tutaongea," alimwambia mkewe. "Leo niache nipate dawa yangu."

"Utakufa njiani, baba."

"Nikifa kwa tumbo au nikifa kwa mapafu, kaburi ni moja. Lakini hii dawa nimeiona kwa macho yangu inavyoupiga ule uvimbe. Tumbo litatulia. Wewe kazi yako leo ni moja tu. Nyamaza."

Kwenye benchi la kusubiri walikaa ubavu kwa ubavu. Cheche alikuwa amekauka midomo, na jasho lilimtoka juu ya mdomo wakati wengine wamejifunga masweta. Mara akainuka, akaenda chooni kwa hatua za mtu anayebeba maji kichwani. Mlango ulikuwa na kufuli. Mfagiaji, ufunguo shingoni, alikuwa anaongea na mlinzi.

"Choo cha wagonjwa kiko ghorofa ya juu," alisema bila kugeuka. "Hiki cha wafanyakazi."

"Dada, tafadhali."

"Si nimekwambia juu?"

Mama Pasi alimwona mumewe akisimama pale, mkono ukutani, macho ameyafumba. Mtu ambaye alikuwa akiinua geti la chuma peke yake. Alisimama hivyo kwa muda, kisha mabega yakashuka, na mkewe akaelewa kuwa hakuna haja tena ya ufunguo. Alikwenda, akavua mtandio wake, akamfunga kiunoni kama anayemtania, akacheka kwa sauti ili watu wadhani ni utani wa mke na mume. Mfagiaji naye akacheka. Cheche hakumtazama mtu.

Wakaitwa hivyohivyo, kabla hata ya kupata maji ya kunawa.

Sista alikuwa na kalamu sikioni na haraka mikononi. "Uzito umeshuka, baba."

"Nimepunguza mafuta."

"Hamu ya chakula?"

"Nakula."

"Vipele? Macho kuwa ya manjano?"

"Hapana."

"Kuharisha?"

"Hapana."

"Damu kwenye choo?"

"Niko salama kabisa, Sista. Kama chuma."

Sista alimtazama, akautazama mtandio, pua ikamcheza kidogo. Lakini vitanda vilijaa, nje foleni ilikuwa inamsubiri, na mtu mzima hapekuliwi. Akamfunga mpira mkononi, akapata mshipa, akageuka kuchukua mfuko wa dawa. Mfuko ulikuwa mdogo, maji meupe tu, hata rangi hayana. Akautundika.

Mama Pasi alikaa kwenye stuli miguuni pa mumewe. Cheche alimkazia macho. Hayakuwa macho ya hasira. Alikuwa anamwomba kama mtoto, na hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Aliwaza, nikisema, nikamzika kwa mapafu, mama yake ataniambia mimi ndiye niliyemkatia. Nikinyamaza, nikamzika kwa tumbo, hakuna atakayeniambia kitu. Nitajiambia mwenyewe. Sista aliweka kidole kwenye kigurudumu cha mrija wa dripu ili kuufungua.

"Sista, usifungue," alisema Mama Pasi. "Anaharisha damu."

Chumba kizima kiligeuka.

"Mwongo!" Cheche alipiga kelele. "Mwongo huyu! Anataka nife aolewe!"

"Tangu dripu iliyopita," Mama Pasi aliendelea, maneno yamenyooka. "Hata sasa hivi yuko hivyo. Angalia chini ya mtandio."

Sista aliondoa kidole kwenye kigurudumu. Akavuta pazia, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile haraka ikamtoka mikononi. Nyuma ya pazia Mama Pasi alimsikia mumewe analia, kilio kikavu cha mtu asiyezoea kulia, na Sista akimwambia, "Basi, baba. Basi. Pole." Mgonjwa mmoja wa jirani, mzee mwenye koti, alijifanya amelala.

*

Walimlaza siku hiyohiyo. Daktari alisema utumbo mkubwa umewaka vidonda, kwamba askari waliozibwa masikio wamegeukia nyumba yao wenyewe, na kwamba dripu ile ingeingia, huenda utumbo ungetoboka. Wakamwanzishia dawa kali ya kuituliza kinga, yaani askari hao.

Cheche hakuongea na mkewe. Akija na chakula, yeye anageukia ukutani. Akimuuliza, anamjibu nesi. Nyumbani nako hakukukalika.

"Umemchongea mwanangu," mama mkwe alisema, amesimama mlangoni na mkeka kwapani kama anayehama. "Mke anafunika, hafunui."

"Mama, mficha maradhi kifo humuumbua."

"Usinisomee methali. Hizo nilizijua kabla hujazaliwa."

Lakini hakuhama.

Kazini Mama Pasi aliunguza shuka, akaliunguza na la pili. Msimamizi akamtoa kwenye pasi akampeleka kukunja taulo, kazi ya wanaojifunza. Hakubisha. Alikunja huku akisikiliza simu mfukoni kama mtu anayesikiliza mlango.

Simu ilipolia, alikuwa Sista. Dawa ya kutuliza kinga haikushika. Tumbo la Cheche lilikuwa limejaa kama ngoma na homa imepanda. Njooni, alisema, na mama mzazi aje.

*

Walimkuta daktari amekaa kitandani kwa mgonjwa, jambo ambalo madaktari hawalifanyi kama mambo ni mazuri.

"Kuna dawa ya pili," alisema. "Ile ya kwanza ilikuwa ya kuwatuliza askari wote kwa jumla. Hii inakata ishara moja tu, ile ambayo askari wakiwa vitani hutoa kuwaita wenzao, 'njooni, huku kunaungua.' Tunawapa hata watu ambao hawana saratani, ambao kinga yao inawatafuna viungo au utumbo bila sababu. Ugonjwa huo na huu wako ni ndugu. Wao ishara ya kuacha iliharibika yenyewe. Wewe tuliizima sisi."

"Siitaki," alisema Cheche. Sauti ilikuwa nyembamba kama uzi.

"Baba..."

"Mnawalaza askari. Wakilala, ule uvimbe utafanya nini? Utanisubiri?"

Daktari hakukwepa. "Sijui. Wengine tukiwasimamishia dawa, uvimbe unabaki chini, kwa sababu askari wameshaujua. Wengine unarudi. Siwezi kukuahidi. Ninachojua ni kwamba utumbo huu ukitoboka, hilo swali halitakuwa na mtu wa kuliuliza."

"Siitaki. Nirudishieni ile yangu."

Mama Pasi alifungua mdomo, na mumewe akageukia ukutani kabla neno halijatoka. Akaufunga. Daktari alimtazama mama mkwe, labda kwa kuwa hakuwa amebaki mwingine wa kutazamwa.

Bibi alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, ameshika chuma chake kwa mikono miwili. Alizunguka polepole mpaka upande wa ukutani, akajibana kati ya kitanda na ukuta, mwanawe akakosa pa kugeukia.

"Nitazame," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa nafua. Si mkeo. Nilikuwa nafua damu ya mwanangu kwa mikono hii, naimwaga, nasema nakuficha. Nilidhani nakuficha na kifo, kumbe nilikuwa nakuficha na daktari. Kifo kilikuwa ndani, kinaniona nafua."

"Mama, ule uvimbe..."

"Uvimbe ukirudi tutalia siku hiyo. Leo silii kwa ajili ya kesho." Akamfuta jasho kwa kiganja. "Wewe hujui kuwa mzazi wa mgonjwa. Mkeo anajua kuwa mke wa mgonjwa. Sisi tumekaa kwenye benchi la kusubiri, tunajua. Chukua dawa. Ukikataa, nakaa hapa nilipo, watukute tumekufa wawili, na mimi sina hata ugonjwa."

Kwenye kitanda cha pili mtu alianza kucheka, akajizuia kwa kikohozi. Cheche alifumba macho. Machozi yalimshukia masikioni. Akatoa mkono nje ya shuka, ule wenye mishipa iliyotobolewatobolewa, akaugeuza kiganja juu.

"Haya," alisema.

*

Siku iliyofuata hakuna kilichobadilika. Iliyofuata tena, alikwenda chooni mara chache kuliko jana yake, na Sista akalitangaza hilo wodini kama matokeo ya mtihani. Homa ikashuka. Tumbo likalainika. Mama Pasi alileta uji, Cheche akaupokea kutoka mkononi mwake badala ya kusubiri auweke mezani. Hawakuliongelea. Alikunywa mpaka ukaisha, akamrudishia bakuli, akasema, "Umepoa lakini."

"Kesho nitauleta wa moto."

"Hata huu ulikuwa mzuri."

Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yao ya kwanza tangu siku ya dripu, na mke alitoka nayo hadi kwenye ngazi, akaketi, akalia mpaka mlinzi akamuuliza kama amefiwa.

Dawa ya saratani hawakumrudishia tena. Alitolewa hospitali na kiwiliwili kilichokonda kama cha mvulana na uso uliojaa kwa vidonge vya kutuliza kinga, akaanza kukaa karakana nusu siku, akiwaelekeza wengine pa kuchomea. Kila akikohoa, nyumba nzima ilinyamaza. Mama yake akawa anamgusa kinena kwa jicho, kwa kuwa kwa kidole aliogopa. Mama Pasi alijifunza kulala bila kusikiliza, akashindwa, akajifunza kusikiliza akiwa amelala.

Siku ya picha walikwenda wote watatu. Daktari aliiweka kwenye mwanga, akaitazama kwa muda mrefu kuliko walivyoweza kuvumilia.

"Saratani haijakua," alisema. "Vinundu vya mapafuni viko vilevile vidogo. Kimoja hakionekani tena."

Mama mkwe alivuta pumzi tayari kwa kigelegele. Daktari akainua mkono.

"Si kupona, mama. Ni leo. Tutapiga nyingine, na nyingine baada ya hiyo. Inaweza kubadilika."

"Leo inatosha," alisema bibi, akakipiga kwa sauti ndogo, kama anayeazima.

Walipokuwa wanapita chumba cha dripu, kwenye benchi kulikuwa na mwanamume mgeni, mtu wa makamo, shati limenyooshwa vizuri, karatasi ya dawa imekunjwa mkononi. Sista alikuwa anamaliza kumweleza. "Na lolote utakaloliona, utuambie," alisema, akaingia ndani. Yule mtu akaitikia kwa kichwa upesi mno.

Mama Pasi alikwisha pita. Aligeuka aliposikia hatua za mumewe, ule mguu mbovu unaobururwa, zimekoma. Cheche alikuwa amesimama mbele ya yule mgeni.

"Ndugu yangu, ndiyo unaanza?"

"Ndiyo, kaka. Wanasema ni dawa nzuri."

"Nzuri sana. Nimeipata mimi." Cheche alishusha pumzi. Benchi zima lilikuwa linamsikiliza, na mfagiaji alikuwa amesimama na ufagio wake, na sauti yake Cheche ilikuwa ya karakana, ya kupita juu ya mashine. "Sasa sikiliza. Ukiharisha, sema. Ukiona damu, sema. Mimi nilificha. Nilijinyea hapa, mbele ya mlango ule, nimevaa suruali nyeusi, nikamwambia Sista niko kama chuma. Nilikaribia kufa, kaka."

Yule mgeni hakujua atazame wapi. "Na wakinisimamishia?"

"Watakusimamishia. Utaogopa. Mimi naogopa mpaka leo." Akageuka, akamtafuta mkewe kwa macho, akamnyooshea mkono. "Una mke?"

"Ninaye."

"Mwambie asikusikilize. Wangu hakunisikiliza."

Mama Pasi alisimama katikati ya korido, watu wote wanamtazama, hajui mikono aiweke wapi. Mama mkwe alimsukuma kidogo mgongoni.

"Nenda basi," alimnong'oneza. "Mwanamume anakusifu, wewe unasimama kama nguzo."